Bakuli la Samaki Wawili

Jumatatu, 3 Juni 1974

Nimechoka hoi! Mchanga mpaka ndani ya masikio. Leo tumevuka kwa pantoni pale Kivukoni, Landrova ya ofisi yetu ya mambo ya kale na sisi ndani yake, tukashika njia ya kusini mpaka Ras Tewe kwenye gofu la msikiti. Bosi wetu, Ndugu Anselmi, anataka mchoro mkubwa: msikiti kama ulivyokuwa enzi zake, na paa lake, na watu wake wanaswali. Utatundikwa kwenye banda letu la Sabasaba. Na mchoraji ni nani? Mimi, Sitara! Wanaume wa chumba cha ramani wamenuna. Wanune tu.

Nimeupenda ule msikiti, niseme kweli. Mdogo, mwembamba. Wanasema una miaka mia tano na ushei. Wembamba wake umetokana na paa. Boriti za mikoko zina urefu wake, na chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti, basi wakasimamisha safu ya nguzo katikati ili wapate upana kidogo. Matokeo yake aliyekaa nyuma hamwoni imamu, anaona nguzo! Mnara hauna. Mwadhini alipanda ngazi mpaka juu ya paa akaadhini huko. Na kibla — pale anaposimama imamu — hapo ndipo walipomalizia ufundi wao wote. Matumbawe yamechongwa yangali mabichi, yametoka baharini siku ile ile, maana yakishakauka hayashiki nakshi. Kuzunguka tao wamepachika mabakuli ya Kichina ukutani, yanakukodolea macho ukiingia. Siku hizi karibu yote yamevunjika, vimebaki vitako. Lile la juu kabisa, katikati, halipo. Shimo tupu la mviringo, na kipande kidogo cha ukingo, cha kijani, kimeng'ang'ania kwenye chokaa.

Mlinzi wa pale ni Mzee Uwesu. Ana koti la kaki la serikali na mdomo usiopumzika. Yupo hapo hapo tangu enzi za Mwingereza. Ametuvua viatu sote. Ndugu Anselmi, Mkatoliki wa Ndanda, akasimamishwa asugue nyayo kwenye jiwe la kutawadhia, na birika lenyewe halijaona maji tangu babu yake Mzee Uwesu hajazaliwa! Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya nguzo.

Nimemsimulia Bibi yote wakati wa kula. Hakuuliza hata swali moja. Si kawaida yake.

Alhamisi, 6 Juni 1974

Kazi inakwenda. Ndugu Anselmi alipita mezani kwangu akasema mashimo nisiyaache wazi, wananchi hawaji Sabasaba kutazama mashimo. Tia mabakuli, buni. Halafu wimbo wake wa kila siku: ionekane waziwazi kuwa waliojenga ni mababu zetu, kwa mikono yao, kazi ya pamoja, si wageni walioshuka chomboni. Sawa, Ndugu. Nimetia. Ya pembeni nimeyapa maua, kwa kufuata vile vitako vilivyobaki. La juu nimelichora huku naimba, sikuwaza kitu. Samaki wawili wanafukuzana, na pengo dogo ukingoni.

Kurudi nyumbani Narung'ombe, Kariakoo, ukumbi umejaa. Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri ni siku za Bibi za kuandika kombe. Anaandika aya kwa zafarani ndani ya bakuli, anaziosha kwa maji na marashi, mgonjwa anakunywa. Wanatoka Magomeni, Gerezani, hata ng'ambo. Wengine wana walimu wao mlango wa pili, lakini hapana, mpaka kwa Bibi yangu, Bi Mwanamkuu — kwa sababu ya bakuli. Bakuli la kijani lililokuja na babu wa babu yake kutoka Shirazi! Na lile pengo, jini wa baharini aliling'ata njiani akitaka kulinyang'anya. Ndiyo maana kila mgonjwa huambiwa: kunywa upande wa huku, mdomo usiguse pengo. Hata Winifrida, mpiga taipu wetu, mtu wa Masasi na Mkristo wa kila Jumapili, alikunywa mwaka jana tumbo lilipomsumbua. Tangu hapo amekuwa mpiga debe wa Bibi bila mshahara.

Leo mama mmoja alimaliza, akaliinamisha bakuli kutikisa tone la mwisho. Samaki wawili wakanitazama. Hapo ndipo nikajua nimechora nini. Nimechora bakuli la Bibi, na pengo lake! Nilicheka peke yangu jikoni. Mtu unaambiwa ubuni, unakwenda kuiba vya nyumbani.

Jumanne, 11 Juni 1974

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi imefika bahasha kutoka Ulaya. Mjane wa Mzungu fulani aliyezunguka magofu yetu miaka ya nyuma ametuletea picha za marehemu mumewe. Mojawapo ni ya kibla ya Ras Tewe. Nyuma imeandikwa 1950. Ndugu Anselmi akaichukua hadi dirishani, akaweka kioo cha kukuzia. Akaita, "Sitara! Lete mchoro wako."

Bakuli la juu lipo kwenye picha. Zima, halina pengo. Na ndani yake samaki wawili, wanafukuzana.

Akanishika mkono mbele ya watu wote. Eti kipaji! Eti sisi watu wa pwani mambo haya yamo kwenye damu! Akauliza neno moja tu: hili pengo nimelitoa wapi, maana pichani bakuli ni zima. Nikajibu upesi kuliko nilivyofikiri — nilikiona kile kipande kwenye chokaa, kwa hiyo nikajua lililotoka limetoka na pengo. Akapiga makofi. Wakapiga makofi wote, hata walionuna. Nikakaa kwenye kiti cha Winifrida.

Siyo babu. Siyo Shirazi. Siyo jini.

Jumatano, 12 Juni 1974

Bibi alipokwenda kuswali adhuhuri nimelishusha bakuli kabatini nikaligeuza. Chini, ndani ya ule mduara wa kitako, kuna ukoko mweupe. Tangu utotoni naujua. Bibi husema ni chumvi ya bahari, ya safari. Leo nimeulamba.

Si chumvi. Ni chokaa.

Ijumaa, 14 Juni 1974

Leo wamemwita Mzee Uwesu. Ningekuwa na akili ningeugua, nisiende kazini. Nimekwenda.

Aliingia na koti lake la kaki limepigwa pasi. Ndugu Anselmi akamwekea picha mezani. Na yeye, maskini, alifurahi! Maana pichani yumo. Kijana amesimama kando ya kibla, mkono kiunoni, kifua mbele. Akatuita tumtazame. Akasema hiki kifua kilikuwa kinabeba magunia mawili, akauliza kama anaweza kupewa nakala akamwonyeshe mkewe, maana mkewe haamini kuwa alikuwa na nywele. Tukacheka. Mimi pia nilicheka!

Ndugu Anselmi akangoja tumalize. Kisha akasema polepole: Mzee, pichani upo wewe na bakuli lipo. Leo wewe upo. Bakuli liko wapi?

Sijaona uso wa mtu ukianguka namna ile. Akaanza kusema mengi kwa mpigo. Kwamba mwaka mmoja wa mvua nyingi aliugua homa, alipoinuka na kwenda kufagia akakuta shimo. Kwamba alimwambia jumbe. Jumbe huyo yuko wapi? Amekufa. Kwa nini hakuandika ofisini? Alicheka kidogo, cheko la aibu. Kuandika! Nani alimfundisha? Mmoja wa wale wa chumba cha ramani akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba watalii hulipa vizuri.

Amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Koti ameambiwa aliache. Akalivua pale pale, akalikunja vizuri, akabaki na shati lenye kiraka begani. Nikampelekea chai ukumbini. Nilitia sukari yangu, ile ninayoifunga kwenye karatasi kwa ajili ya wiki nzima, nikatia yote. Akasema, "Mungu akuzidishie, mwanangu. Wewe peke yako hapa ndani una huruma."

Nimekwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Jumamosi, 15 Juni 1974

Nimemuuliza.

Alikuwa anachambua mchele. Nilianza kwa kuzunguka, akanikatiza: useme unalotaka kusema, mchele huu una mawe. Nikasema, Bibi, bakuli lako nimeliona kwenye picha, ukutani, Ras Tewe. Mkono wake haukusimama. Aliokota jiwe moja, jingine. Nikadhani hakunisikia.

Kisha akasema, "Ulikuwa na miaka minne. Degedege. Mama yako alikuwa ameshatangulia, umebaki wewe tu. Hospitali walinirudishia ukanifie nyumbani."

Watu wakamwambia aende kwenye msikiti wa kale Ras Tewe akaweke nadhiri, kama walivyofanya wazee. Akanibeba. Mvua inanyesha. Alifukiza ubani, akaomba, mimi nakakamaa mapajani kwake. Akainua macho akaliona bakuli juu ya kibla, linameremeta kwa mvua. Akajiambia hili limesikia sala miaka na miaka, nikimwandikia humu mtoto atapona. Alikuwa na kisu cha jikoni kwenye kikapu. Akasimama juu ya lile jiwe la kutawadhia, alilisogeza mwenyewe. Chokaa ya watu wa kale ni kitu kingine, anasema, alihangaika mpaka kisu kikapinda, na lilipotoka likaacha kipande. Akateka maji ya mvua, akaniandikia hapo hapo. Nikanywa. Nikalala. Nikaamka naomba muhogo.

Nikamuuliza, na nadhiri? Nadhiri ilikuwa nini?

Hapo mkono ukasimama.

Kwamba mtoto akipona, atalirudisha.

Nikasema, Bibi! Akasema usinipigie kelele, najua nilichosema na niliyemwambia. Alitaka kulirudisha. Siku aliyolifunga kwenye kanga aende, akaja mama mwenye mtoto wa degedege. Angemwambia nini? Kesho yake akaja mwingine. Baadaye watu wakaanza kuuliza bakuli limetoka wapi, ikabidi litoke mahali. Shirazi ni mbali, hakuna wa kwenda kuuliza.

Nikasema kuna mzee amesimamishwa kazi kwa ajili ya bakuli hili. Akarudi kwenye mchele wake. Mara nikaona anaokota mchele anauweka kwenye mawe.

Sijui namwonea aibu yeye au mimi. Miaka yote nimetamba shuleni: sisi ni Washirazi, bakuli letu! Na lililoibwa liliibwa kwa ajili ya uhai wangu.

Jumatatu, 17 Juni 1974

Leo nilikuwa nimeazimia. Njia nzima kutoka Kariakoo, napita Gerezani na makelele yake ya mabati na vyuma, nilikuwa nakariri: Ndugu Anselmi, nina jambo. Nikabisha hodi. Akasema karibu. Nikasimama mbele ya meza yake na mdomo wazi.

Nikamuomba wino.

Wino! Nina chupa mbili mezani kwangu. Akaniandikia kibali cha wino.

Alhamisi, 20 Juni 1974

Nimewafuta samaki. Asubuhi kabla watu hawajafika. Karatasi yetu ya kunakilia ramani haifutiki kwa raba, wino wake hukwanguliwa kwa wembe, taratibu, kama unapara samaki kweli. Nikawakwangua mpaka wakatoweka, nikatia ua la kipuuzi mahali pao. Nilijiambia kwamba mchoro ukiwa na ua, hakuna wa kuuliza Sitara alijuaje. Mzee Uwesu hilo halimsaidii kitu. Nilijua halimsaidii. Nikakwangua hivyo hivyo.

Jioni ukumbi umejaa tena. Nimepita kwa mlango wa nyuma.

Jumapili, 23 Juni 1974

Mashine ya zege ya soko jipya hapa Kariakoo inanguruma hata leo Jumapili. Nimesimama kutazama yale mapaa yao makubwa, kila moja limesimama juu ya nguzo moja na limefumbuka juu kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Hawana shida ya boriti hawa. Upana wanaoutaka wanaupata. Jirani yetu mwuza nazi akasema tutalindwa na mvua sasa, mwanangu, si unaona. Nikamwambia naona. Sikuwa naona kitu.

Jumanne, 25 Juni 1974

Ndugu Anselmi ameliona ua. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo. Unaharibu kitu ulichopatia? Unaona haya kusifiwa? Akasema unyenyekevu nao una mipaka, akaniamuru niwarudishe samaki leo leo, na chini ya mchoro waandike jina langu kwa herufi kubwa. Nimewarudisha. Ukishakwangua karatasi ile inapata manyoya, wino unasambaa. Samaki wangu sasa wamevimba kidogo na wanatambulika vizuri zaidi kuliko mwanzo! Pengo nalo limekuwa jeusi tititi.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, wanasema. Kata ni mimi.

Ijumaa, 28 Juni 1974

Mzee Uwesu amefikia kwa mpwa wake Magomeni. Kila siku anakuja ofisini kwa miguu, anakaa kwenye benchi la ukumbini, anangoja aitwe kwenye uchunguzi. Hakuna uchunguzi. Kila mtu yuko kwenye maandalizi ya Sabasaba. Anaamkiwa shikamoo, anaitika marahaba, basi.

Leo tulikuwa tunautoa mchoro kwenda kuuwekea fremu, tukampita nao. Akasimama. Akatuomba tuusogeze. Akaupitia wote kwa kidole bila kuugusa: birika, ngazi, nguzo, boriti. Akanisahihisha imamu, eti amevaa kama mtu wa Zanzibar. Alipofika juu ya tao kidole kikasimama.

"Hawa nilikuwa nawapangusa mimi kila ikikaribia Ramadhani," akasema. "Kwa kitambaa chenye maji ya ndimu. Wewe umewajuaje, mwanangu? Hukuwahi kuwaona."

Nikasema nimebuni tu, Mzee.

Akatikisa kichwa, macho yamelowa. Akasema siyo kubuni, Mungu amekuonyesha, ili watu wajue nilikuwa naliangalia vizuri.

Kisha akatoa kwenye mfuko wa shati leso iliyofungwa fundo. Ndani yake kile kipande cha kijani! Amekibandua mwenyewe baada ya kusimamishwa, kabla ya kuja Magomeni, na bonge la chokaa yake, apate kuonyesha kwamba mvunjiko ni wa zamani, umeshaingia vumbi na umande wa miaka. Mwizi wa juzi angeacha mvunjiko mweupe, anasema. Amemwonyesha Ndugu Anselmi mara kadhaa. Ndugu Anselmi anamwambia subiri baada ya Sabasaba, na kwamba kubandua kipande ni kosa jingine.

Nilikishika. Ni chepesi. Nilimrudishia haraka.

Jumatatu, 1 Julai 1974

Nilikuwa nadhani aibu ina mwisho, kwamba ukifika chini umefika. Hapana. Kuna ngazi ya kushukia zaidi.

Winifrida ameniambia kwa furaha wakati wa chai, anang'ata andazi: "Yule mzee wenu wa msikiti nimemhurumia, nimemwelekeza kwa bibi yako. Nimemwambia mzee, hiyo ni fitina, fitina haitoki kwa barua. Nenda Kariakoo Narung'ombe, muulize Bi Mwanamkuu, akunyweshe kwenye lile bakuli lake. Kasema atakuja Alhamisi."

Nikamuuliza, ulimwambia kwamba ni bibi yangu? Akasema aa, kwani nimtangazie? Wewe si hupendagi mambo ya kwenu yajulikane ofisini.

Nikamwambia asante. Asante!

Jumatano, 3 Julai 1974

Nimemwambia Bibi nani anakuja kesho. Nilitaka afunge mlango, aseme anaumwa, aende kwa ndugu zetu Magomeni — hapana, Magomeni ndiko aliko Mzee Uwesu! Nikasema basi tumia bakuli la bati, Bibi, kesho tu, nakuomba. Bibi alikuwa anasaga zafarani kwenye kijinu kidogo. Mkono wake una nguvu bado, alitwanga mpaka harufu ikafika uani.

Baada ya Isha nikamsikia anazungumza peke yake kwenye mswala. Siyo sala. Alikuwa kama anabishana na mtu bei.

Kama ningekuwa mtu, leo asubuhi ningemwambia Ndugu Anselmi. Nilibaki nafunga mchoro kwa magazeti. Kesho kutwa unatundikwa. Jina langu lipo, herufi kubwa.

Alhamisi, 4 Julai 1974

Naandika kwa penseli. Niko kitandani, mlango una pazia tu. Nisipoandika nitapiga kelele.

Amekuja. Sauti nimeijua angali barazani, anampa mtu pole ya jua. Nilikuwa ndani nimejikunyata. Bibi akaniita nimletee maji. Nikatoka na maji mkono huu na bakuli la bati mkono huu. Aliponiona akainuka kwenye jamvi, mikono juu!

"Mwanangu Sitara! Kumbe hapa ni kwenu? Basi mimi nusu nimeshapona."

Shikamoo, Mzee. Marahaba, marahaba. Akamwambia Bibi kwamba mjukuu wako huyu ana roho ya dhahabu, alinipa chai yenye sukari siku ambayo hata mbwa asingenitazama. Wanawake wote ukumbini wakanitazama kwa sifa. Bibi akamuuliza, umetoka wapi, ndugu yangu? Akasema Ras Tewe. Bibi akaitika, "Naam. Ras Tewe." Kama mtu anayeitika jina lake.

Nikaliweka la bati mbele ya Bibi. Mzee Uwesu akaona haya kusema, lakini akasema: samahani, Bi mkubwa, nimeambiwa dawa iko kwenye bakuli lenyewe.

Bibi akanitazama. Hakuwa amekasirika. Nimekaa na Bibi maisha yangu yote, sikuwahi kuona macho yake yakimwomba mtu. "Lilete," akasema.

Nikalileta. Mimi, kwa mikono yangu.

Akaandika muda mrefu. Kawaida ni aya moja, leo alizunguka ukingo wote, akashuka mpaka kwa samaki, zafarani ikawafunika. Akamimina maji, akatia marashi, akalizungusha, akampa. Na hakusema! Kila mtu humwambia anywe upande wa huku, mdomo usiguse pengo. Leo alimpa pengo likimwelekea, akakunja mikono mapajani.

Mzee Uwesu akapiga bismillahi akanywa. Akanywa yote, mpaka akainua kidevu. Akashusha bakuli. Akabaki analitazama ndani. Kidole gumba kilikuwa kwenye pengo. Kikaenda, kikarudi. Kikaenda, kikarudi.

Mwanamke mmoja akamuuliza, vipi Mzee, chungu? Akatikisa kichwa. Akanigeukia, sauti yake ile ile ya upole:

"Mwanangu, hebu nishikie hapa."

Nikalipokea. Akaanza kufungua kifungo cha mfuko wa shati. Vidole vyake vizito, kifungo kinamtoka. Nikaiona ncha ya ile leso yenye fundo.

Nikasema naleta maji. Nikakimbia.

Nimekimbia nalo! Liko hapa mapajani juu ya kanga, limelowa bado, linanukia marashi. Maji hayapo humu chumbani, kila mtu pale ukumbini anajua maji yako uani. Samaki wamesafishika kabisa. Miaka yote sikuwahi kuliangalia kwa karibu hivi: mmoja ana jicho, mwingine hana, limelika. Mimi nimewachora wote wawili na macho.

Bibi ameniita kwa jina. Ameniita tena, "Mwanangu." Namsikia anajaribu kuinuka, magoti yake yanalia, na sasa Mzee Uwesu anamtuliza:

"Mwache, Bi mkubwa. Asiharakishwe. Mimi sina haraka. Kazi yenyewe sina."